Mwamkie Kwanza: Namna ya Kumpata Besi Aliyekosa Chambo cha Juu ya Maji

Mwaka wangu wa kwanza kuvua besi, samaki wa maji baridi wa huku Marekani, kwenye Mto Androscoggin, niliwapoteza samaki wengi kuliko niliowatoa, na karibu wote niliwapoteza kwa namna moja. Chambo changu, cha bandia chenye ndoana, kinaelea, nakitikisa, maji yanapasuka kwa kishindo, navuta kwa nguvu zangu zote, chambo kinachomoka majini na kunijia usoni. Asubuhi moja ya Juni ndoana ilikita kwenye ukingo wa kofia yangu, vidole viwili tu juu ya jicho. Nikakaa juu ya jiwe kuichomoa, mikono inatetemeka. Nikiwa bado naichomoa, pale pale nilipomkosa, samaki akachupa na kumeza mdudu.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa pale muda wote, na ni mimi niliyemwondolea chakula mbele ya mdomo wake.

Mimi ni mtu wa Kibirizi, Kigoma. Sasa naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Nafanya kazi ya usiku, natoka saa kumi na moja alfajiri, na jua la Juni huku huchomoza karibu saa hiyo hiyo, kwa hiyo napitia mtoni kabla ya kwenda kulala. Siku hizi Lewiston na Auburn, miji miwili inayotazamana huku na huku ya mto, Kiswahili unakisikia dukani na kwenye kituo cha basi, na wengi wetu tumetoka kwenye maji: Uvira, Baraka, Rumonge, Kigoma. Tunajua kuvua. Lakini kila mmoja anayeanza kuvua besi kwa chambo cha juu huniuliza swali lile lile: mbona anapiga lakini hanasi?

Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mdogo. Mtazame taya: linaishia usawa wa jicho. Ndugu yake wa mdomo mkubwa, taya lake linapita hadi nyuma ya jicho. Huyu wetu ana rangi ya shaba, michirizi ya wima ubavuni na mara nyingi jicho jekundu, na anapenda mawe na maji yanayotembea. Hapa mtoni ninaowapata wengi ni wa inchi 10 hadi 15. Akifika 18, nyumbani wote watasikia habari zake.

Sasa tuje kwenye mkono, maana shida huanzia hapo.

Ziwani Tanganyika tulimvua mgebuka usiku kwa mshipi wa mkono, karabai inawaka na maji meusi chini. Hukuona kitu. Mshipi ulipita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kilichokuwa jicho lako. Samaki akidonoa, kidole kinajua; akishika, kidole kinajua; unavuta. Baba yangu alikuwa akivua amefumba macho kabisa, na hakukosa. Chambo cha juu ya maji kinageuza mambo. Hapa jicho linapata habari kabla ya kidole. Unaona maji yamepasuka, moyo unaruka, na mkono unavuta kwa amri ya jicho. Lakini wakati huo huenda samaki bado hajafunga mdomo. Huenda amekuja kwa kasi kutoka chini na wimbi la kichwa chake limekisukuma chambo pembeni. Huenda amekipiga kwa mkia tu. Ukivuta katika nukta hiyo, unamnyang'anya.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na tulipoanza kwenda naye nilihitaji namna ya kumzuia mkono. Nikamwambia: samaki akipiga, mwamkie. Sema "shikamoo", usivute mpaka akuitikie. Ukimwamkia mtu mzima hujiendei zako kabla hajasema marahaba, na marahaba ya samaki ni uzito kwenye fimbo. Mshipi ukinyooka, fimbo ikaanza kuinama yenyewe, hapo ameitikia, vuta. Usiposikia uzito, hajaitikia, na wewe huna ruhusa ya kuvuta. Basi. Jambo hilo moja limetupatia samaki wengi kuliko chambo chochote nilichowahi kununua. Mimi mwenyewe hadi leo nalisema kwa sauti, kwa sababu mdomo ukiwa na kazi, mkono unachelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko tunakokutaka.

Kama bado unavuta mapema, jaribu kutokitazama chambo chenyewe. Tazama maji nusu mita pembeni yake. Utakiona kwa mkia wa jicho, na kishindo hakitakushtua sana.

Na kuvuta kwenyewe kuwe kwa upole. Ndoana za chambo hiki ni nyembamba, zenye miba mitatu, hazihitaji nguvu. Peleka fimbo pembeni, sambamba na maji, kama mtu anayefungua mlango mzito, huku unakunja rili, kile kigurudumu cha mshipi. Usiinyanyue juu kwa kugutua. Ukivuta pembeni na ukamkosa, chambo kinateleza hatua moja au mbili na bado kiko majini. Ukigutua juu, kinaruka kukufuata wewe. Kwa sababu hiyo hiyo usivue bila miwani. Nunua ile inayokata mng'ao wa maji. Itakulinda macho, na utamwona samaki anapofuata.

Fimbo iwe inayopinda hadi karibu na katikati. Ile ngumu inayopinda nchani tu ni nzuri kwa kazi nyingine, hapa inamnyang'anya samaki. Mshipi natumia wa kusuka wa nguvu ya ratili 15, kisha mbele nafunga nusu mita hivi ya nailoni ya kawaida, ya ratili 12. Nailoni haizami upesi na ina ugumu kidogo, kwa hiyo haijizungushi kwenye ndoana ya mbele. Florokaboni, aina nyingine ya mshipi, iache kwa vyambo vya chini: inazama, na inavuta pua ya chambo chako chini. Mshipi wa kusuka hunyumbuka kidogo mno, kwa hiyo kila kosa la mkono linafika kwa samaki papo hapo. Anayeanza nampa nailoni tupu kwenye rili nzima mpaka mkono utulie.

Kuna jambo la mtoni ambalo watu wa ziwani hatukulizoea. Mkondo unaushika mshipi katikati na kuufanyia tumbo. Samaki akishika wakati mshipi una tumbo kubwa, unavuta tumbo, huvuti ndoana. Unasikia kitu kilaini kama kamba iliyolowa, kisha hakuna. Tupa kwa mshazari kuelekea juu ya mto, ncha ya fimbo iwe chini ikielekea kwenye chambo, na kila baada ya kutikisa kunja ule ulegevu uliozidi. Ulegevu kidogo unautaka, maana ndio unaokipa chambo nafasi ya kucheza na samaki nafasi ya kukivuta mdomoni. Tumbo hulitaki.

Baada ya hapo, jifunze kusikiliza, kwa sababu kukosa si kwa aina moja, na kila aina ina dawa yake.

Kuna kishindo kikubwa, maji yanaruka, chambo kinatupwa hewani, na huoni mdomo. Huyo amepiga kwa mkia au kwa ubavu. Anakifukuza, hakili. Utakutana naye zaidi mwanzoni mwa Juni, wakati dume amebaki analinda mayai na vifaranga kwenye changarawe karibu na ukingo. Mtu wa Kigoma atamwelewa upesi akimkumbuka kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, anavyowalinda watoto wake na kukishambulia chochote kinachokaribia. Tofauti ni kwamba kuhe hulinda mume na mke, besi hulinda dume peke yake. Ukimwona hivyo, kwenye maji mafupi na mahali pamoja anarudia kupiga bila kula, mwache. Ukimtoa pale hata kwa dakika chache, samaki wadogo wanaingia na kula watoto wake. Nenda mbele ukatafute wengine.

Kuna wa kufuata. Unaona maji yametuna nyuma ya chambo, mkunjo kama wa jahazi dogo, unasogea, unasogea, kisha unazama. Hapa watu hubishana: usimame au uongeze mwendo? Mimi naamua kwa maji. Maji yakiwa meupe, naongeza mwendo kidogo, maana chambo kikisimama anapata muda wa kukichunguza na kukikataa. Maji yakiwa na tope baada ya mvua, nasimamisha, anipate.

Kuna anayeruka kabisa na kukiangukia kutoka juu. Hiyo nimeiona zaidi chambo kinapokuwa kikubwa au kinapokwenda kombo sana hadi shabaha inampotea. Punguza ukubwa, punguza mwendo.

Na kuna yule ninayekuomba umtazame kwa makini kuliko wote: mfyonzo. Hakuna kishindo. Chambo kilikuwa pale, sasa hakipo, na mahali pake kuna duara dogo la maji na pengine povu la ukubwa wa sarafu. Sauti yake ni kama mtu anayevuta chai ya moto kwenye kikombe. Watu humkosa kwa sababu hudhani ni kasamaki. Samaki wangu watatu wakubwa wa mto huu wote walikuja hivyo. Shikamoo hapa ni ile ile, ila marahaba huja taratibu: mshipi unaanza kutembea pembeni kimya kimya. Ukishaona unatembea, usingoje tena.

Sasa, amepiga, amekosa. Una sekunde kumi, na kazi yako ya kwanza ni kutofanya kitu.

Acha chambo pale pale. Usikikunje. Besi aliyekosa mara nyingi yuko chini yake, ndani ya mita moja, anakitafuta. Kwa akili yake kile kitu amekijeruhi, na kilichojeruhiwa hakikimbii kuvuka mto. Kitazame kinavyotulia. Ngoja viwimbi vitawanyike. Kisha gusa mshipi kidogo sana, chambo kitetemeke bila kutoka mahali pake, kitoe duara moja tu. Ngoja tena. Hapo ndipo wengi hurudi. Asiporudi, kivute kwa miruko miwili mifupi, ya haraka, kisha simamisha. Bado? Endelea na mwendo ule ule uliokuwa nao kabla hajapiga, mpaka kikufikie. Usibadili mwendo, maana ule ndio uliomtoa chini ya jiwe.

Akikataa, twaa fimbo ya pili. Iwe tayari tangu asubuhi, imefungwa, imelazwa mahali ambapo hutaikanyaga. Yangu ina mnyoo wa plastiki wa Senko wa inchi 4, rangi ya kijani iliyofifia, bila chubwi, ndoana moja imepita katikati ya mwili. Unazama pole pole huku ncha zote mbili zinatikisika. Samaki aliyekikataa cha juu mara mbili hupata taabu kukikataa kitu kinachoshuka mbele ya pua yake.

Lakini utupe wapi? Kosa nililolifanya misimu miwili ni kutupa pale maji yalipopasuka. Samaki wa mtoni ana nyumba yake: jiwe, kina nyuma ya jiwe, mahali mkondo wa kasi unapopakana na maji tulivu. Anapotoka kushambulia, chambo na yeye wote wanasukumwa na mkondo kuelekea chini ya mto, kwa hiyo kishindo unakiona mbele ya nyumba yake, upande maji yanakokwenda. Akikosa, anarudi nyumbani. Basi tupa juu ya pale, hatua mbili au tatu juu ya mto, upitilize kidogo, mkondo wenyewe umletee. Angalia mahali mshipi unapoingia majini. Ukisimama ghafla, au ukienda pembeni, vuta.

Yote hayo yakishindikana, mpumzishe. Dakika kumi au robo saa. Kariri jiwe lake na mti ulio ng'ambo yake, songa mbele, kisha urudi kutoka upande mwingine na chambo kidogo zaidi. Mimi hutoka kwenye Zara Spook, chambo kirefu kinachokwenda kombo, na kushuka hadi Pop-R ndogo, yenye mdomo unaobubujisha maji, rangi ya mfupa au isiyo na rangi. Wakikosa watatu mfululizo hata baada ya mkono wako kutulia, acha kuulaumu mkono. Chambo ndicho hawakitaki. Kwa mtoto au mgeni napenda Whopper Plopper ile ndogo, yenye mkia unaozunguka. Wewe unakunja tu mwendo mmoja, na kitu kinachokwenda mwendo mmoja samaki hukipiga kwa shabaha.

Ndoana sasa, maana huenda ulifanya yote sawasawa na bado akateleza. Shika ndoana, weka ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, kwa mshazari, bila kukandamiza, kisha uivute taratibu. Ndoana kali hukwama hapo hapo na kuacha alama nyeupe kama uzi. Ikiteleza juu ya ukucha, itateleza pia kwenye mdomo wa besi, ambao ni mgumu kama gome. Jaribu miba yote mitatu, mmoja mmoja, kwa sababu ule unaogonga mawe huwa mbutu na mingine miwili ikabaki mizuri, na hutajua ni upi alioushika. Kuanzia asubuhi hadi saa tatu mimi hujaribu labda mara nne, zaidi nikisikia chambo kimegonga mwamba nyuma yangu nikitupa. Ikiwa mbutu, nabadilisha. Pete ya chuma inafunguka kwa koleo ndogo. Ya nyuma naweka yenye manyoya. Chambo kinaposimama, manyoya yanaendelea kupumua majini, na samaki hulenga hapo, penye ndoana. Vile vijino vinavyozuia ndoana kutoka navibana kwa koleo vilale. Ni salama kwa samaki, na siku ndoana ikiingia kwenye shavu la mtoto wako utajua kwa nini nimekwambia. Ukivibana, usilegeze mshipi baada ya kumnasa, hasa anaporuka, na huyu ataruka.

Agosti iliyopita tulikuwa chini ya mji, upande wa Durham, jioni, mimi na binti yangu. Alitupa karibu na jiwe lililochomoza kama mgongo wa kiboko. Kishindo. Nikamsikia, "Shikamoo." Fimbo haikuinama. Hakuvuta. Chambo kilikuwa kinaelea, ubavu juu, kinajiweka sawa.

"Baba, hajaitikia."

"Ngoja, mwanangu."

Akagusa. Duara moja. Maji yakatuna, yakazama. Akagusa tena, hakuna. Aliendelea na mwendo wake hadi chambo kikafika miguuni, kisha bila mimi kumwambia akalaza fimbo ile, akachukua yenye mnyoo, akatupa juu ya jiwe, kule ng'ambo yake. Mshipi ukashuka, ukashuka, ukasimama. Akavuta pembeni. Samaki akaruka mara tatu. Ya mwisho alikuwa karibu nasi hadi matone yalitufikia usoni. Nina alama za rangi ya kucha kwenye fimbo yangu kwa kupimia: inchi 17 na nusu.

Tulimrudisha. Jimbo linatahadharisha juu ya zebaki kwenye samaki wa maziwa na mito ya huku, na kwa wajawazito na watoto wadogo tahadhari ni kali zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wao kabla ya kupeleka samaki jikoni. Mto huu viwanda vya karatasi viliuchafua kwa miaka mingi. Seneta Edmund Muskie, mzaliwa wa Rumford, mji ulio juu ya mto huu huu, ndiye aliyeongoza kupatikana kwa Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972. Samaki wamerudi, lakini usafi kamili bado. Mshike kwa mikono iliyolowa, umshikilie kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka ajiendee mwenyewe. Na wewe mwenyewe uangalie maji: mabwawa ya umeme yakifungua, mto unapanda hata kama hakuna mvua. Ukiona jiwe ulilolikariri linafunikwa, toka. Leseni ni lazima kuanzia umri wa miaka 16.

Kuhusu yule ambaye hakurudi kabisa, si juu wala kwa mnyoo: mimi humwendea tena siku ile ile jua likishagusa miti, au kesho yake alfajiri kukiwa na ukungu. Nasimama mbali zaidi, natupa mara moja tu, sawasawa, juu ya jiwe lake. Sikitikisi chambo kabisa. Nakiacha mkondo ukishushe kikiwa kimya, na mdomo wangu uko tayari na ile salamu.